Ni Nani Husokota Kamba Hizi?

Vijana mnaosomea uhasibu mkinitembelea hapa kwangu mjini Wote, mkishamaliza chai na kuusifu muhogo wangu, swali huwa ni lile lile, na mnaliuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia dawa ya minyoo dukani. "Madam, shirika la hisani linaweza kweli kupata faida? Si ni kuvunja sheria?" Basi nimeamua kuliandika jibu, ili mkija tena tuongee mambo mengine.

Linaweza, na linaruhusiwa. Tena likikosa kujua namna ya kuipata, siku mfadhili akichoka litalala njaa. Nimeshika vitabu vya hesabu vya mashirika ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, huku Makueni na kule Kitui: zahanati, shule, miradi ya maji, nyumba za wazee. Sijaona hata moja lililofungwa kwa sababu lilipata faida. Nimeona moja lililokaribia kufungwa kwa sababu ya wema, na mimi nilikuwepo, kalamu mkononi, nikiandika wema huo mwezi baada ya mwezi bila kuuona. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza. Lakini nikianzia hapo mtadhani nilizaliwa nikijua mambo haya, kwa hivyo ngoja nianze na viti.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye zahanati ya kanisa karibu na Kibwezi. Wagonjwa walilipa kidogo, mahindi ya msimu yakiwa mazuri walilipa zaidi kidogo, na mwisho wa mwaka vitabu vikaonyesha kwamba pesa zimebaki. Mweka hazina wetu, shemasi mmoja mwenye moyo mwepesi, alishika kichwa. "Ndunge, hii pesa imebaki ni ya nini? Wakiona tumepata faida watasema sisi ni wafanyabiashara!" Tukakaa kikao, tukaomba, tukanunua viti vya plastiki. Pesa zikaisha, vitabu vikasoma sufuri, tukashukuru Mungu.

Mwaka uliofuata pesa zikabaki tena, tukanunua viti tena. Kufikia mwaka wa nne stoo ya dawa ilikuwa imejaa viti hadi darini, dawa zimepangwa juu ya viti, na paa linavuja juu ya dawa. Hakuna aliyewaza kutengeneza paa, kwa sababu kila mtu alikuwa na haraka ya kuiondoa ile faida kabla haijaonekana. Na sahihi kwenye hati zote za malipo ilikuwa yangu.

Ndipo wazee wa kanisa wakamleta mkaguzi kutoka Kitui, Mzee Nzioka. Alikuwa karani wa zamani wa kiwanda cha pamba, mwembamba, wa kuvaa tai hata jua la Oktoba likiwa limesimama utosini. Alifungua mlango wa stoo, akaangalia viti, akaniangalia mimi.

"Mna harusi?"

Nilijua nitafutwa kazi. Badala yake aliomba kanisa limruhusu anifundishe, akanichukua ofisini kwake Kitui mwezi mzima. Yote niliyoyajua baadaye yalitoka kwenye ukuta wa ofisi ile. Kulikuwa na misumari mitatu mikubwa, ile ya kupigilia mabati, na kila msumari ulikuwa na furushi la karatasi zilizotobolewa.

"Faida haina makosa, Ndunge," aliniambia. "Makosa ni mahali inaenda."

Hilo ndilo la kwanza, na mlishike kabla ya misumari yenyewe. Faida yote ya shirika la hisani lazima irudi kwenye kazi ile ile shirika liliyoanzishiwa. Yote. Mwanachama hapati mgao, mwenyekiti hapati "asante ya Krismasi", na mbuzi wa kamati hanunuliwi humo. Mkigawana hata kidogo, nyinyi si shirika la hisani tena, ni duka lenye jina zuri.

Ukishavuka hapo, ndipo unaitafutia biashara yako msumari. Msumari wa kwanza ni biashara ambayo ndiyo kazi yenyewe: zahanati inatibu na kulipwa, shule inafundisha na kulipwa karo. Msumari wa pili ni biashara yoyote halali, hata ya matofali, mradi kazi yake kwa sehemu kubwa inafanywa na wale wale ambao shirika liko kwa ajili yao. Msumari wa tatu ni pango, yaani nyumba au shamba la shirika likikodishwa. Biashara ikiingia kwenye mmoja wa hiyo mitatu, na faida yote ikarudi kazini, ofisi ya kodi inaweza kuisamehe kodi ya mapato.

"Na isipoingia?" nilimuuliza.

"Ikikosa msumari, usiifiche. Hiyo ni biashara kama ya mtu mwingine. Ilipe kodi kama ya mtu mwingine, na hakuna mtu atakufa."

Siku hizi hamna misumari. Mna tovuti, risiti za mtandao na nywila. Nywila yenyewe ni ugonjwa mwingine. Nilifanya kazi na mwenyekiti mmoja aliyeiandika ya ofisi ukutani kwa chaki ili asiisahau, juu kabisa, karibu na mstari wa Biblia, na kila aliyekuja kuomba maji ya kunywa aliisoma. Pia sheria hubadilishwa, kwa hivyo msiniamini mimi mwanamke mzee. Fungueni toleo la mwaka wenu. Halafu kumbukeni kwamba cheti cha msamaha hakiwaondolei kupeleka hesabu kila mwaka wala kukata kodi ya mishahara ya wafanyakazi. Nimeona watu wazima wakilia kwa kudhani cheti kile ni mwavuli wa mvua zote.

Sasa twende Kalamba.

Nje kidogo ya soko la Kalamba kulikuwa na kituo cha watu wazima wasioona. Jina lake nitaliacha. Watu ishirini na wawili walikaa pale, wakijifunza kutembea kwa fimbo, kusoma kwa vidole, kupika bila kuungua. Wengi walikuwa wamepoteza macho wakiwa watu wazima, na nyumbani walikotoka walikuwa wamewekwa tu, kama gunia lililosubiri mtu wa kulihamisha. Mfadhili wa ng'ambo alilipia kila kitu kwa miaka mingi, kisha akaandika barua nzuri sana ya kuaga.

Kilichowaokoa ni mkonge. Huko kwetu unajiotea kwenye mipaka ya mashamba, na walianza kusokota kamba za kufungia mbuzi. Kama hamjawahi kuona wasioona wakisokota kamba, mmekosa jambo. Walivuta waya mrefu kutoka ukuta wa bweni hadi nguzo ya lango, usawa wa kiuno. Msokotaji alishika nyuzi zake na kurudi kinyumenyume huku kiwiko kikigusa waya, hatua baada ya hatua, na kamba ikizaliwa mbele yake. Mwingine alisimama upande wa pili akizungusha mpini. Wa tatu alisukuma kipande cha mti chenye mifereji mitatu kati ya nyuzi ili zishikane sawasawa.

Aliyewashinda wote ni Kavata. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mkali kama pilipili, aliyepofuka baada ya ugonjwa. Alinifundisha kupima kamba: unaiacha ipite kati ya kidole gumba na cha shahada huku ukitembea kwa mwendo wa kawaida, na mahali popote kidole kinapouliza swali, hapo pana kasoro. Mimi mwenye macho mawili sikuwahi kuziona kasoro alizozipata yeye.

Kamba zao zilifika mbali. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo wa Tseikuru, Hussein, alizikuta soko la Kitui akaja mwenyewe hadi Kalamba. Mbuzi wa kule huvuta, alisema, na kamba za dukani hukatika. Akaanza kuagiza kila mwezi, yeye na wenzake. Nilipoajiriwa kushika vitabu, faida ya kamba ilikuwa inalipia chakula, walimu wawili na dawa, na bado ikabaki ya kununua mashine ya kuandikia nukta nundu. Niliweka hesabu za kamba kwenye msumari wa pili bila kufikiri mara mbili. Wanaosaidiwa ndio wanaosokota. Cheti cha msamaha tulikuwa nacho. Nilijisikia fundi.

Mwenyekiti wa kituo alikuwa Mwalimu Mulwa, aliyestaafu akiwa mwalimu mkuu. Lazima niwaambie jambo moja kumhusu, la sivyo mtamhukumu vibaya. Mama yake mzazi alipofuka uzeeni, na siku moja akiwa peke yake aliangukia moto wa jikoni. Mwalimu hakuwahi kulisimulia ila mara moja. Kila alipomwona asiyeona akinyanyua kitu, mkono wake ulikuwa ushafika kumpokea.

Maagizo yalipoongezeka, tuliajiri kijana mmoja abebe mizigo ya mkonge. Hakuna ubaya. Kisha tukanunua mashine ya kusokota yenye mota, na Mwalimu akasema haifai wasioona waikaribie, itawakata vidole. Tukaajiri wawili wa kuiendesha. Kisha wengine wawili, kwa sababu mashine ilikula mkonge haraka na wa kuuchana hawakutosha. "Hawa wetu wamefanya kazi sana," Mwalimu alisema. "Wacha sasa wapumzike wakule matunda yao." Akawajengea kibanda cha turubai na viti vyenye mito.

Na mimi? Kila mwezi niliandika majina ya vijana kwenye kitabu cha mishahara, orodha ikirefuka, na niliona maendeleo. Kamba zilizotoka zilikuwa mara tatu ya za mwanzo. Kavata alipita mbele ya dirisha langu na fimbo yake, akienda kuketi, akirudi kutoka kuketi. Sikumwuliza chochote.

Muda wa cheti ukakaribia kuisha. Tuliomba kipya, na ofisi ya kodi ikatujibu kwamba afisa atakuja kutembelea. Mnajua sisi Wakamba na wageni. Tulipaka chokaa mawe ya njiani. Kuku walichinjwa. Wale ishirini na wawili walivalishwa nguo nyeupe, wakaketishwa mstari wa mbele chini ya hema, kila mmoja na soda mkononi. Ni aibu, Mwalimu aliniambia, mgeni wa serikali akute watu wasiojiweza wanatoka jasho.

Afisa alikuwa mwanamke kijana, mpole, viatu vimejaa vumbi. Alisalimia kila mtu kwa mkono. Alizunguka, akaona mashine ikinguruma na vijana wanne wakihangaika nayo, akashika kamba moja.

"Kamba ni nzuri. Ni nani husokota kamba hizi?"

Mwalimu alijibu kabla sijapumua, tena kwa fahari. "Ni hawa vijana tumeajiri. Hawa wetu hatuwasumbui kabisa, madam. Wao wanakaa tu, sisi ndio tunawafanyia kila kitu."

Nilisikia, nawaambieni kweli, nilisikia sauti ya Mzee Nzioka ikiniuliza kama tuna harusi. Afisa aliandika kwenye daftari lake, akauliza wamekuwa wakikaa kwa muda gani, akaandika tena. Chai alikunywa, kuku alikataa kwa adabu, akaaga. Mwalimu alisugua mikono. "Ameona vile tunawatunza!" Sikuwa na nguvu za kumwambia alichokiona.

Barua ilifika baada ya wiki chache, haikuwa ya ukali. Ilisema kwamba, kwa yaliyoonekana, biashara ya kamba inafanywa na waajiriwa wa kawaida, si na wanaosaidiwa, na kusokota kamba siyo kazi ambayo kituo kilianzishiwa. Kwa hiyo faida yake haikustahili msamaha, na huenda ikatozwa kodi ya huko nyuma pia. Tulipewa siku za kujibu.

Nilipiga hesabu mara tatu nikitumaini nimekosea. Kodi ya miaka yote ile pamoja na adhabu ingekula akiba yote, mkonge wote na chakula cha mwaka mzima. Kituo kingefungwa, na watu ishirini na wawili wangerudi walikotoka. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nililia juu ya kitabu cha hesabu, na wino ulichafuka.

Asubuhi iliyofuata Kavata aligonga mlango. Habari zilikuwa zimeshafika bwenini.

"Madam, nisomee hiyo barua. Yote, usiruke."

Nikamsomea. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya fimbo.

"Kwa hivyo hao watu wa kodi wanasema si sisi tunafanya kazi hapa."

"Ndiyo."

"Na ni ukweli."

Niliikunja barua.

"Ni ukweli ama si ukweli?"

"Ni ukweli, Kavata."

"Shika hapa." Alininyooshea viganja vyote viwili. "Nikikuja hapa hizi mikono ilikuwa laini hivi. Kwa shemeji yangu nilikuwa nimewekewa kiti nyuma ya nyumba, naitwa tu kukula. Mkanifundisha kazi, zikakuwa ngumu, nikasema sasa mimi ni mtu. Shika! Zimerudi laini. Mlinitoa kwa kiti ya shemeji mkaniletea kiti ingine, ati hii iko na mto."

Niliona haya kuliko siku ya viti vya Kibwezi. Nilimwambia nimekosa, na yeye, kwa kuwa ni Kavata, hakuniambia si kitu. Aliuliza tu, "Sasa mtafanya nini?"

Jioni tulikaa kamati. Mwalimu alikuwa amezeeka miaka mitano kwa siku mbili. Alitoa wazo lake akiwa ameinamisha kichwa.

"Tuwaombe warudi kuona tena. Hiyo siku tutapanga hawa wetu kwa kazi, wale vijana waende mtoni mpaka jioni."

Nisikilizeni hapa, kwa sababu siku moja na nyinyi mtaambiwa jambo kama hili, na atakayewaambia atakuwa mtu mnayempenda.

"Mwalimu," nilisema, "majina yao yako kwa kitabu cha mishahara miezi yote. Na kitabu pia nikifiche mtoni?"

Kisha nikamweleza kile ambacho ningepaswa kumweleza tangu kijana wa pili alipoajiriwa: kwamba sheria ile haikuwa ikituadhibu kwa kupata faida. Ilikuwa ikiuliza swali lile lile alilouliza afisa, na Kavata alikuwa akituuliza hilo hilo kwa miezi mingi kwa kupita mbele ya dirisha langu. Mwalimu akasema anaogopa wataumia. Nilimwambia najua.

"Mama yangu alikuwa peke yake," alisema. "Hawa hawako peke yao, sivyo?"

"Hawako."

Tuliandika jibu la kurasa tatu, na nililiandika mwenyewe. Sikupamba. Tulisema tangu mwezi gani kazi ilitoka mikononi mwa wasioona, tukaambatisha kitabu cha mishahara chenyewe, tukakubali kulipa kodi ya faida ya kipindi hicho. Kwa miaka ya kabla ya mashine tuliambatisha orodha za zamu za wasokotaji, ambazo kwa bahati sikuwa nimezitupa. Vijana, msitupe karatasi. Mwisho tukasema kazi imerudishwa, na kwamba waje siku yoyote bila kutuarifu.

Kulipa kulikuwa na uchungu wake. Tuliuza mashine kwa mtu wa Emali. Kati ya waajiriwa watano tulibaki na wawili wa kubeba na kuendesha mkokoteni. Watatu tuliwaachisha, na mmoja wao, Kyalo, mpaka leo akiniona sokoni hupitia upande wa pili wa barabara. Ana haki. Sisi ndio tuliomwajiri pasipostahili, si yeye aliyejileta.

Hussein naye nilimpigia simu nimweleze kwamba kamba zitapungua sana.

"Madam Ndunge, mimi nawapenda nyinyi, wallahi. Lakini mbuzi hawezi ngojea kamba."

Alibakisha nusu ya oda, nusu nyingine akapeleka kwingine, na haijarudi hadi leo. Tulikula maharagwe zaidi mwaka ule. Ningependa kuwaambia kwamba ukweli hulipa papo hapo, lakini nimeshika vitabu muda mrefu mno kusema hivyo.

Wiki za kwanza mikono ya watu ilitoka malengelenge. Mwalimu alikuja kila siku na chupa ya mafuta, akisimama mbali, mikono amejifunga nyuma kwa nguvu asije akampokea mtu mzigo. Kavata alimsikia akihema. "Mwalimu, kama umekuja kuhema, shika mpini uzungushe." Akaushika. Alikuwa mzungushaji mbaya sana, na walimwambia.

Afisa alirudi mchana mmoja bila kutuarifu, kama tulivyoomba. Sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Nilimwona kupitia dirishani akiwa ameshaingia langoni, amesimama juani, mkoba begani. Hakuna aliyeinuka kumpokea. Kiti hakikuwepo, kwa sababu vyote tulikuwa tumevipeleka darasani. Hema halikuwepo. Kulikuwa na watu ishirini na wawili katika nguo zilizojaa nyuzi, wengine wakichana mkonge, wengine wakirudi kinyumenyume kando ya waya, na kelele za kuelekezana juu chini. Nilitoka mbio nikivaa kiatu kimoja.

Kavata alikuwa amemsikia kabla yangu. "Wewe wa viatu vya mjini, karibu, lakini usikanyage hapo mbele. Kamba inapita."

Afisa alirudisha mguu. Akajitambulisha, na akauliza swali lake, neno kwa neno kama mara ya kwanza. "Ni nani husokota kamba hizi?"

Nilifungua mdomo. Namshukuru Mungu, kwa mara moja maishani niliufunga tena. Kavata alimkabidhi mwenzake nyuzi, akafuata sauti hadi mbele ya yule msichana, akanyoosha mkono. Afisa alidhani ni salamu, akampa wake. Kavata hakuutikisa. Aliukamata kwa mikono yake yote miwili, akausugua polepole kwenye viganja vyake, mahali penye sugu, hapa, na hapa, na chini ya vidole. Sugu zilikuwa mpya, nyingine bado nyekundu. Msichana alitazama mikono ile, kisha akamtazama Kavata usoni, na sikumwona akifungua daftari.

Alikaa pale saa nzima na zaidi, akitembea kando ya waya, akiuliza majina. Mwisho alipitia vitabu vyangu akiwa amesimama, akaniuliza maswali mawili, akaenda. Nilipokumbuka kwamba jiko lilikuwa halijawashwa hata kidogo, gari lake lilikuwa limeshafika barabarani.

Cheti kilikuja baada ya miezi kadhaa, na kodi ya kile kipindi tuliilipa hadi senti ya mwisho. Nilipostaafu nilimwachia kazi msichana mwenye laptopu asiyejua misumari, lakini nilimwonyesha orodha za zamu na kumwambia azitazame kila mwezi kabla ya kutazama pesa. Kituo kipo. Wanasokota.

Lakini turudi mchana ule, vumbi la gari likiwa bado hewani. Nilikuwa nimesimama langoni nimeshika kichwa, nikiwaza habari nitakayompa Mwalimu Mulwa: mgeni wa serikali, mwendo wote ule, katika jua lile, na hakuna aliyempa hata maji. Nyuma yangu Kavata alikuwa amesharudi kwenye waya wake.

"Madam, ameenda?"

"Ameenda. Kavata, ameenda bila chai!"

Alicheka, na hakusimama. Alizidi kurudi kinyumenyume, kiwiko kwenye waya, kamba ikirefuka mbele yake.

"Basi ameona tuko kazini."